Ndugu Niliyepewa na Msitu

"Igoki, mpe ndugu yako nyama ya kifua. Hiyo ya mgongo niachie mimi."

Aliyesema hivyo ni Mbaabu, kaka mkubwa wa baba yangu. Na huyo ndugu yangu wa kupewa nyama ya kifua alikuwa Nthiga, mwanaume niliyempenda. Mwanaume ambaye siku chache tu nyuma alinishika mkono kule kwenye vitalu vya miche, akaniambia akishauza asali ya msimu huu anakuja na wazee wake kuniomba. Sasa nilikuwa nampelekea sahani kwa mikono miwili, macho chini, kama dada mwenye adabu.

"Asante, dada," akasema.

Aki nilitaka kummwagia mchuzi.

"Karibu, kaka," nikajibu. Mbaabu akatabasamu, Baba akaangalia ukuta.

Ngoja nieleze, maana mtu akiingia hapo bila kuelezwa ataniona mwendawazimu.

Kwetu ni Githongo, upande wa Imenti, na mambo haya yalitokea miaka ya tisini, wakati kahawa ilikuwa imeanguka bei mpaka watu wakaanza kuing'oa. Baba yangu, Marete, hakuing'oa. Alichoacha ni dawa za dukani. Mama ndiye aliyekuwa akinyunyizia kahawa dawa, mwaka baada ya mwaka, bila hata kitambaa puani. Kifua kikamfunga, tukamzika. Tangu siku hiyo Baba akaapa sumu haitaingia tena shambani kwake. Tukawa watu wa samadi na majani ya kuoza, na majirani wakatucheka wakachoka.

Chini ya shamba, kuelekea mtoni, kulikuwa na msitu aliouacha babu. Miti mikubwa ya muuru, muringa, na mikuu ambayo watu watatu wakishikana mikono hawaizungushi. Baba alikuwa akisema bila msitu huo hatuna maji wala nyuki, na shamba letu litakuwa vumbi kama la wengine. Shida moja tu. Msitu haukuwahi kugawanywa. Ulikuwa wa Baba na wa Mbaabu pamoja, na Mbaabu ndiye kifungua mimba. Kwetu kifungua mimba akiongea, mdogo anakohoa tu.

Nthiga alikuwa Mmbeere kutoka Siakago. Baba alimwajiri kutundika mizinga na kukuza miche ya miti ya kienyeji. Naye Sheila, niliyesoma naye, aliyekuwa akifanya kazi ofisini Embu na kuishi mtaa wa Dallas hukohuko, ndiye aliyetutafutia wachangaji wa kuulinda msitu. Kila mchangaji alikuwa na mti wake. Michango ililipa mlinzi, waya wa uzio na mifuko ya miche. Ilikuwa kidogo, lakini ilitosha Baba kupata la kujibu akiulizwa msitu unamlisha nini.

Halafu siku moja Mbaabu akaleta watu wenye msumeno wa injini.

Sote tulikimbilia chini. Msumeno ulikuwa umeshawashwa. Baba alisimama pale mikono nyuma, na hakutoa neno. Ndipo Nthiga akapita mbele yake akasimama kati ya msumeno na mti.

"Zimeni hiyo kitu!"

"Wewe kibarua, toka hapo," Mbaabu akasema.

"Leo mimi si kibarua. Ukoo wetu na ukoo wenu ni gichiaro. Wazee wetu walikula kiapo wakati wa njaa ya zamani. Mzee, kwa gichiaro nakuomba, usikate."

Kama hujui gichiaro, nikuambie. Koo mbili zinakula kiapo cha undugu, na kutoka hapo wa huko akiomba, wa huku hanyimi. Ukimnyima, ng'ombe wako wanakufa na watoto wanatokwa na vidonda. Mbaabu, ambaye haogopi chifu wala kasisi, alibadilika rangi.

"Ukoo gani?" akauliza kwa sauti ndogo.

Nthiga akautaja. Mbaabu akamwangalia Baba, Baba akatikisa kichwa kukubali, na msumeno ukazimwa.

Watu walipiga makofi, na mimi nikapiga. Nilipiga mpaka nilipokutana na macho ya Nthiga, ndipo nikakumbuka sheria ya mwisho ya gichiaro. Watu wa gichiaro hawaoani. Ni ndugu wa tumbo moja.

Basi ndiyo hiyo nyama ya kifua. Nthiga alitolewa stoo akapewa chumba ndani ya nyumba, kwa sababu mtu wa gichiaro halali na majembe. Kati ya chumba chake na changu kulikuwa na ukuta wa mbao tu. Nilimsikia akikohoa, akivua viatu, akigeuka kitandani. Kabla ya hapo tulikuwa tunaibia dakika kwa shida. Sasa nilikuwa naye asubuhi mpaka jioni, na nikimwangalia mara mbili jirani anakohoa.

Nilivumilia mpaka ikanishinda. Asubuhi moja nikamfuata vitaluni, akijaza udongo kwenye mifuko.

"Mwaka mzima umenishika mkono," nikamwambia. "Mwaka mzima! Kwani hukujua ukoo wenu ni gichiaro na wetu?"

"Igoki, shusha sauti."

"Sishushi! Ulijua ukanyamaza, au ulikumbuka msumeno ulipowaka?"

Akaweka mfuko chini. Akaangalia huku na huku.

"Si kweli," akasema.

"Nini si kweli?"

"Gichiaro. Ukoo niliotaja si wetu. Ni wa jirani yetu, Njagi. Akilewa huwa anajisifu ati ana ndugu huku Imenti ambao hawawezi kumnyima kitu. Ule msumeno ulipolia, hilo ndilo lililokuja mdomoni."

Nilikaa chini, hapohapo kwenye udongo. Nikacheka mpaka machozi yakanitoka. Halafu nikainuka nikampiga kofi la bega.

"Kwa hivyo mimi si dada yako!"

"Wewe si dada yangu."

"Basi inuka! Twende tumwambie Baba sasa hivi."

Hakuinuka.

"Nthiga?"

"Tukimwambia Baba, kabla ya jioni Mbaabu amesikia. Na kesho msumeno uko hapa. Nani atauzuia? Baba yako? Ulimwona siku ile."

Nilimwona, ndiyo.

"Kwa hivyo unataka nikuite kaka mpaka nizeeke?"

"Nataka unipe muda tu."

"Muda wa nini? Hiyo miti ina muda. Mimi sina."

Akataka kunishika mkono, nikaurudisha. Sikukasirika kwa sababu hanipendi. Nilikasirika kwa sababu alikuwa anasema kweli. Nikimtaka yeye, msitu unaanguka. Nikiutaka msitu, nalala nyuma ya ukuta wa mbao mpaka siku atakayooa mwingine, na mimi ndiye nitakayepika harusini kama dada wa bwana harusi.

Nilijaribu mlango mwingine. Nikamfuata Baba zizini.

"Baba, hii gichiaro inaweza kuvunjwa?"

Alikuwa anakusanya samadi. Hakuinua uso.

"Mbona unataka kuvunja undugu, mwari?"

"Nauliza tu."

"Mambo mengine yakiulizwa yanaamka. Yaache yalale."

"Lakini Baba…"

"Nimesema yaache yalale, Igoki!"

Baba yangu si mtu wa kupaza sauti. Nikaondoka, na nilipogeuka nikamwona amesimama tu, uma wa samadi mkononi, hafanyi kazi.

Wiki hiyohiyo nikaitwa kwa Njoki, mwenye duka, ambaye ndiye aliyekuwa na simu pale senta.

"Simu yako kutoka Embu!" Njoki akapiga kelele kama natakiwa na Ikulu.

"Igoki!" Ilikuwa sauti ya Sheila. "Wee, hiyo hadithi yenu ya gichiaro inaliza watu huku! Nimeisimulia ofisini, nimeisimulia kanisani. Hata wale waliokuwa wamechoka kuchangia wamerudi."

"Ni vizuri," nikasema.

"Vizuri tu? Dada, sasa kuna wachangaji wengi kuliko miti niliyoandika! Jumamosi nawaleta waone. Na tunataka kukupiga picha na Nthiga, chini ya ule muuru mkubwa. Kaka na dada waliookoa msitu."

"Sheila, na kama hadithi si hivyo?"

"Unasema nini? Sikusikii."

Njoki alikuwa ameacha kupima sukari. Mkono wake ulisimama hewani na kijiko.

"Nimesema laini ni mbaya," nikajibu.

"Usiniharibie, Igoki. Miti watu hawa wameshaiona kwingine. Wanachangia undugu."

Nikaweka simu chini. Njoki akanyonya midomo.

"Una bahati wewe," akasema. "Kaka mzuri kama huyo."

Jumamosi wakaja, na viatu vyao vizuri, wakiteleza kwenye tope. Makarani wa Embu, mama wawili wa kanisa, na Mzee Twalib, mwuza nyama wa Majengo, Meru mjini, aliyechagua muringa ati kwa sababu una kivuli cha maana. Nthiga akawazungusha. Kila mmoja akasimama chini ya mti wake akiugusagusa kama anayenunua ng'ombe. Sheila akasimulia gichiaro upya, akaongeza na chumvi, na mama mmoja wa kanisa akafuta macho.

"Sasa picha!" Sheila akasema. "Nthiga, mshike dada yako bega."

Akanishika. Mkono wake ulikuwa wa moto. Nilitabasamu kwa kamera na ndani nilikuwa nalia.

Hapo ndipo Mbaabu akafika. Amevaa koti, amenyoa ndevu, anacheka na kila mtu. Mbaabu akicheka kabla ya kula, jua kuna jambo.

"Wageni, karibuni kwetu," akasema. "Nimefurahi mko hapa, muwe mashahidi. Nimekaa nikafikiri juu ya hii gichiaro. Gichiaro ni barabara ya kwenda na kurudi, au sivyo, Marete?"

Hakungoja jibu.

"Mtu wa huko akiomba, wa huku hanyimi. Na wa huku akiomba?" Akamgeukia Nthiga. "Ulipoomba, nilikupa. Niliwarudisha watu wangu na msumeno wao. Leo ni zamu yangu. Nthiga, ndugu yangu, kwa gichiaro nakuomba, niachie nikate miti yangu."

Hata wale wa mjini walielewa. Nthiga akisema ndiyo, msitu umekwisha kwa mdomo wake mwenyewe. Akisema hapana, amekana kiapo, na mtu wa kweli wa gichiaro hawezi kukana kiapo mbele ya watu. Mbaabu alikuwa ameshapata jibu lake, lolote lile.

"Mzee…" Nthiga akaanza.

"Nangoja, ndugu yangu."

"Mzee, mimi…"

Nilimwangalia Baba. Alikuwa anaangalia viatu vyake. Nikaona kwamba hakuna mtu mwingine pale atakayefungua mdomo, na kwamba tukinyamaza nitapoteza vyote viwili, msitu na mwanaume. Basi!

"Hawezi kukupa, Baba Mkubwa," nikasema. "Hana cha kukupa. Si ndugu yako."

"Nini?"

"Ukoo aliotaja si wake. Alidanganya ili msikate. Mimi nilijua nikanyamaza. Na si kaka yangu, ni mchumba wangu."

Sheila alitoa mlio. Mama wa kanisa akashika kifua. Mbaabu, badala ya kukasirika, akapiga makofi kwa furaha.

"Mmesikia kwa masikio yenu! Kibarua alinifunga mdomo kwa uongo! Jumatatu nakata mpaka mzizi."

"Ni kweli nilidanganya," Nthiga akasema. Sauti yake ilikuwa imerudi. "Kosa ni langu peke yangu. Mnitoze faini mnayotaka."

"Igoki," Sheila akasema, na alikuwa analia, "watu wametoa pesa zao kwa sababu ya hadithi hii. Nitawaambia nini?"

"Kwa hivyo tumechangia uongo?" karani mmoja akauliza.

"Kijana, wewe umechangia nini sijui," Mzee Twalib akasema. "Mimi nilichangia mti. Sikuchangia ukoo wa mtu. Na mti wangu ule pale, hauniambii uongo."

"Nilijua," akasema mtu.

Tuligeuka. Alikuwa Baba.

"Ulijua nini?" Mbaabu akamuuliza.

"Ukoo wetu una gichiaro na watu wa Tharaka pekee. Baba alinifundisha. Wewe ulikuwa Nanyuki kwa Wazungu wakati akifundisha mambo ya ukoo. Kijana alipofungua mdomo siku ile, nilijua palepale anadanganya. Nikatikisa kichwa."

Nikamsogelea.

"Baba. Ulijua si ndugu yangu?"

"Nilijua."

"Na huko nyuma ya ukuta wa mbao, ulikuwa unanisikia nikilia?"

"Nilikuwa nakusikia, mwari."

"Na ukanyamaza!"

"Sikuwa na mdomo wa kumnyima kaka yangu. Kijana akanipa mdomo. Nikaona nikimwacha akuoe, Mbaabu atajua ni uongo na msitu utaenda."

"Kwa hivyo ulinibadilisha na miti."

Nilitaka aseme hapana, hata kwa uongo. Siku hiyo tulikuwa tumeshazoea uongo.

"Ndiyo," akasema.

Nilimchukia baba yangu. Nasema wazi, nilimchukia pale mbele ya wageni, na sidhani nilikosea. Nafikiri aliliona usoni mwangu, kwa sababu alivua kofia, akaikunja, akamgeukia Mbaabu.

"Kaka, tuite wazee waweke mpaka. Nusu ni yako, ukitaka kata. Nusu ni yangu, na haikatwi."

"Unaninyima? Mimi, kifungua mimba?"

"Nakunyima."

"Kwa kiapo gani?"

"Bila kiapo. Nakunyima mimi, Marete."

Maisha yangu yote sikuwahi kusikia neno hilo likitoka kinywani kwa Baba likielekea kwa kaka yake. Mbaabu akatema mate kando, akapanda zake mlima na koti lake.

Baba akamwita Nthiga.

"Wewe umechezea kiapo mbele ya wazee. Hilo haliachwi hivihivi."

"Najua, Mzee."

"Utaenda kwenu leo. Utarudi na kondoo dume wa kutakasa uwanja huu."

"Nitamleta."

"Na usije peke yako. Kuja na wazee wenu."

"Wazee wa kuleta kondoo, Mzee?"

"Kondoo ataletwa na wewe. Wazee waje na maneno yao mengine, kama wanayo. Sitaki wapande mlima huu mara mbili."

Mimi nilikuwa nimekasirika sana hata sikuelewa. Sheila ndiye aliyeelewa. Alinirukia shingoni na machozi yake yote, akanisukuma, nusura tuanguke kwenye tope.

Sitakudanganya ati mambo yalikuwa matamu. Mbaabu alikata nusu yake yote. Muuru ule mkubwa tuliopigiwa picha ulikuwa upande wake. Nilisikia ukianguka nikiwa jikoni, vikombe vikatikisika, na nikaacha kukoroga sufuria nikalia. Sheila aliwaambia wachangaji ukweli wote, mmoja mmoja. Wengine walijitoa, na mmoja alimtukana. Lakini wengi walibaki, na wale ambao miti yao iliangukia upande wa Mbaabu waliambiwa wanaweza kuchangia mche upandwe upande wetu. Mzee Twalib, ambaye muringa wake ulisalimika, alichangia mche pia. Alisema anataka kuuona ukiwa mdogo.

Na Baba? Nilimpikia, nikamfulia, sikumsemesha. Alikula bila kulalamika.

Halafu Njoki akapiga kelele tena mpaka kijiji kizima kikasikia.

"Igoki! Simu kutoka Siakago! Ni yule kaka yako… ama sasa ni nani?"

Nikamnyang'anya mkono wa simu.

"Wazee wamekubali," Nthiga akasema. "Tunakuja Jumamosi. Kondoo yuko, asali iko, mjomba amenunua hata suti."

"Na safari hii mnakuja na ukoo gani?"

"Wetu," akacheka. "Nimewauliza wazee mara mbili. Hatuna gichiaro na nyinyi, hatujawahi, na hatutaki."

Walikuja. Kondoo akachinjwa, wazee wetu wakanyunyiza uwanja kwa maneno yao, Nthiga akaomba msamaha mbele ya kila mtu. Mbaabu hakuja, alimtuma mkewe. Kisha wageni wakaingizwa ndani wakakaa, na mimi nikaitwa kutoka jikoni, kama desturi, niulizwe.

Baba ndiye aliyekuwa wa kuuliza. Alisimama, kofia mkononi. Alikuwa amezeeka katika majuma hayo machache, na mimi bado sikuwa nimemsamehe.

"Mwari, watu hawa wametoka mbali. Wanasema wana mtu wao hapa anayekujua." Akanigeukia. "Nami nataka nikusikie wewe, si mimi niseme, si mtu mwingine akusemee. Unamjua huyu?"

Nthiga aliinua uso akaniangalia, na safari hii sikuinamisha macho yangu.

"Namjua, Baba. Anaitwa Nthiga, ni Mmbeere wa Siakago, na si ndugu yangu."

Wazee wakaangua kicheko, wa kwao na wa kwetu. Baba hakucheka. Alikaa chini akafunika uso kwa kofia, na mabega yakaanza kumtikisika. Niliwapita wageni wote, nikaenda nikakaa karibu naye.